Adui Arudiye: Nkongolo Mwamba, Nunda na Adui Mkuu wa Michezo ya Video

1.0 Utangulizi

Mji wa Kaniama uko katika jimbo la Haut-Lomami, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye njia ya reli itokayo Lubumbashi na kupitia Kamina hadi Ilebo. Reli hiyo ilifika Ilebo, ambayo wakati huo iliitwa Port-Francqui, mwaka 1928. Upande wa magharibi na kaskazini-magharibi ziko nchi za Wakanyok na za Waluba wa Kasai. Upande wa mashariki iko Kabongo, karibu na Ziwa Boya, ambako wasimulizi wa Kiluba huweka makao ya kale ya wafalme wao. Hivyo basi Kaniama ni mahali ambapo Kiswahili cha Katanga hupakana na lugha za Kasai, na ambapo masimulizi ya jadi yana njia nyingi za kupita.

Miongoni mwa majina makuu ya masimulizi hayo ni Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, katili aliyeshindwa na mpwa wake. Ameuawa mara moja tu katika utendi, lakini hajawahi kuondoka katika usemi wa watu. Kijana wa leo aliyekwisha kusikia habari zake, akikabidhiwa mchezo wa video wa kukimbia na kuruka, atakutana mwishoni mwa kila ngome na jitu ambalo nalo hushindwa na kurudi. Swali litakalomjia ni la kitoto kwa sura yake, lakini ni zito kwa mwanafunzi wa fasihi: kwa nini adui huyu harudi kaburini akatulia?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kulinganisha wahusika watatu: Bowser wa michezo ya Super Mario, nunda wa ngano ya Unguja, na Nkongolo wa utendi wa Waluba. Hoja inayotetewa ni kwamba wahusika hawa wanafanana katika umbo la kurudi kwao, lakini wanatofautiana katika sababu ya kurudi. Adui wa mchezo hurudi kwa sababu mchezo lazima uanze upya. Adui wa fasihi simulizi hurudi kwa sababu ni wa nyumbani.

2.0 Istilahi na Mipaka ya Mada

Kabla ya kuendelea inafaa istilahi zielezwe. Michezo inayozungumziwa hapa ni ile ambayo mchezaji humwongoza mhusika mmoja anayekimbia, kuruka mashimo, kupanda vipandio na kukwepa mitego mpaka afike mwisho wa hatua. Mwishoni mwa kundi la hatua husimama adui mwenye nguvu kuliko wote waliotangulia. Wachezaji wengi wa Afrika Mashariki humwita bosi, kwa neno lile lile wanalomwitia mkuu wa kazi. Katika makala haya ataitwa adui mkuu, na pale ambapo hushindwa na kujitokeza tena ataitwa adui arudiye.

Watazamaji wa filamu katika miji ya Afrika Mashariki walikwisha kujitengenezea msamiati wa aina hii kabla ya michezo ya video kuenea. Mhusika mkuu aliitwa stelingi, na mpinzani wake aliitwa adui bila nyongeza. Msamiati huo ulijengwa juu ya kanuni moja ya hadhira: stelingi hafi. Kanuni hiyo haikusema lolote kuhusu adui, kwa kuwa katika filamu nyingi adui hufa mwishoni na hadithi hufungwa. Katika michezo ya video kanuni imegeuka. Stelingi hufa mara nyingi, pengine mara ishirini katika jioni moja, kwa sababu ya makosa ya mchezaji. Adui ndiye asiyekwisha.

Kwa upande wa fasihi simulizi, istilahi zitumikazo ni zile zilizozoeleka: ngano, utendi, mtambaji, hadhira, nguli na kibwagizo. Neno zimwi litatumika kwa maana pana ya kiumbe wa kutisha alaye watu. Ikumbukwe kuwa methali ya Kiswahili isemayo zimwi likujualo halikuli likakwisha imekwisha kuweka msingi wa mada hii. Methali hiyo inadai kwamba baina ya zimwi na mtu kuna kujuana, na kwamba kujuana huko ndiko kunakoamua kiasi cha madhara.

3.0 Adui Mkuu katika Michezo ya Kuruka

Bowser alitokea kwanza katika mchezo wa Super Mario Bros., uliotolewa na kampuni ya Nintendo nchini Japani mwaka 1985. Umbo lake ni la kobe mkubwa mwenye pembe, gamba lenye miiba na mdomo utoao moto. Amemteka binti mfalme, na Mario, fundi wa mabomba, anasafiri kumwokoa. Muundo wa safari hiyo ni wa hesabu: kuna ulimwengu nane, kila mmoja una hatua nne, na hatua ya nne ni ngome. Ndani ya kila ngome, juu ya daraja lililo juu ya lava, husimama Bowser. Mario akimpita na kuligusa shoka lililo mwisho wa daraja, daraja hukatika na adui huporomoka.

Hata hivyo mchezaji aliyemshinda Bowser katika ngome ya kwanza huambiwa kuwa binti mfalme yuko katika ngome nyingine. Tena, mchezaji akimpiga kwa mipira ya moto badala ya kulikata daraja, huona jambo la ajabu: aliyedhaniwa kuwa Bowser hugeuka kuwa kiumbe mdogo wa kawaida aliyevaa sura yake. Ndivyo ilivyo katika ngome saba za mwanzo. Ni katika ngome ya nane tu ambapo Bowser ni Bowser.

Mhusika huyu hakubuniwa kutoka katika utupu. Mbunifu wake, Shigeru Miyamoto, alianza na picha ya mfalme ng'ombe aliyemwona katika filamu ya katuni ya Kijapani ya mwaka 1960, iliyotokana na hadithi ya kale ya Kichina juu ya safari ya kwenda magharibi. Mwenzake Takashi Tezuka aliona kwamba michoro ile ilielekea zaidi kwa kobe, na kwa kuwa mchezo ulikuwa umejaa askari wa aina ya kobe, mfalme wao naye akapewa gamba. Jina lake la Kijapani, Kuppa, lilichukuliwa kutoka chakula cha Kikorea cha wali katika mchuzi. Kwa hiyo adui huyu ana nasaba ya fasihi, ingawa nasaba hiyo imefunikwa na gamba.

Tangu mwaka 1985 Bowser amerudi katika michezo mingi. Katika Super Mario 64, ya mwaka 1996, hupambanwa naye mara tatu, na mchezaji hana budi kumkamata mkia, kumzungusha na kumtupa. Katika New Super Mario Bros., ya mwaka 2006, huanguka katika lava mwanzoni mwa safari, nyama yake ikateketea, kisha akarudi kama mifupa mitupu. Na baadaye tena akarudishiwa mwili wake. Maadui wa michezo mingine ya aina hii wana tabia hiyo hiyo. Daktari Wily wa Mega Man, mchezo ulioanza mwaka 1987, huangukia magoti na kuomba msamaha, kisha katika toleo linalofuata huonekana na hila mpya. Daktari Eggman wa Sonic the Hedgehog, ya mwaka 1991, hutokea mwishoni mwa kila eneo akiendesha mtambo tofauti, na mtambo ukivunjika yeye hukimbia akiwa salama.

Kurudi huku kuna kazi mbili. Kazi ya kwanza ni ya kufundisha. Adui mkuu hupima kama mchezaji amejifunza kile ambacho hatua zilizotangulia zilikusudia kumfunza, yaani kuruka kwa wakati, kusubiri, na kutambua mpangilio wa mashambulizi. Kazi ya pili ni ya biashara na ya utaratibu: toleo jipya linahitaji adui ambaye mnunuzi anamjua. Katika kazi zote mbili adui hana kumbukumbu. Bowser wa ngome ya tano hajui kwamba ameanguka mara nne, na Mario hana chochote alichokirithi kutoka kwake.

4.0 Nunda na Maadui Wasio Wenyewe

Msomaji wa Kiswahili aliyesoma maelezo ya ngome saba za uongo atakuwa amekwisha kuikumbuka ngano ya Sultani Majinuni. Ngano hiyo ilikusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa London mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa ngano za Kiswahili. Ndani yake sultani ana paka. Paka anaanza kula wanyama, kisha watu. Kila mara watu wanapolalamika, sultani hukataa asiuawe, kwa hoja kwamba paka ni wake na kilicholiwa pia ni chake. Ni pale mnyama huyo anapowala watoto wa sultani mwenyewe ndipo baba anapokiri kwamba huyo si paka tena, bali ni nunda, mla watu.

Mwana mdogo wa sultani, ambaye hapo mwanzo hakuthaminiwa na mtu, anaondoka kwenda kumwua nunda. Anaua mbwa, akamkokota hadi nyumbani na kumwuliza mama yake kwa wimbo kama huyo ndiye nunda. Mama anamjibu kuwa siye. Anarudi msituni na kuua wanyama wengine, miongoni mwao pundamilia na twiga, na kila mara jibu ni lile lile. Mama humsihi aache, naye hukataa. Hatimaye, akiwa amepewa alama za kumtambulia mnyama mwenyewe, anamkuta nunda na kumwua.

Ulinganifu wa umbo ni dhahiri. Katika ngano na katika mchezo kuna mlolongo wa mapambano. Kila pambano ni ushindi wa kweli juu ya adui asiye mwenyewe. Na kila ushindi hufuatwa na tamko kwamba kazi haijakwisha. Mama wa ngano na ujumbe wa ngome vinafanya kazi moja, ile ya kibwagizo. Hadhira iliyozunguka mtambaji hujua wimbo wa mwana na jibu la mama, nayo huitikia. Mchezaji naye anajua atakachoambiwa mwishoni mwa ngome ya sita, na bado huendelea. Hivyo marudio hayamchoshi msikilizaji. Humpa mahali pa kuingilia katika hadithi.

Lakini ngano ina jambo ambalo mchezo wa mwaka 1985 hauna. Mwana wa sultani anajifunza kutambua. Kosa lake la kwanza si udhaifu wa mkono, kwani anaua kila anachokilenga. Kosa lake ni kutomjua adui. Na sababu ya kutomjua ni kwamba nunda alianza kama paka wa nyumbani, aliyelindwa na hoja ya mwenye mali. Adui mkuu wa ngano hii amelelewa ikuluni. Msituni anatafutwa mnyama ambaye jikoni alipewa maziwa.

5.0 Nkongolo Mwamba na Hatua za Utendi

Wazo la adui wa nyumbani linafikia kilele chake katika utendi wa Waluba, na hapo ndipo mjadala unaporudi katika nchi ya Kaniama na Kabongo. Masimulizi haya yana matoleo mengi. Yaliandikwa na wamisionari kama W.F.P. Burton, aliyefika katika nchi ya Waluba mwaka 1915; na waandishi wa enzi ya ukoloni kama Edmond Verhulpen, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1936; na baadaye na wanahistoria kama Thomas Reefe, mwaka 1981. Matoleo hutofautiana katika majina na mpangilio wa visa. Muhtasari ufuatao unachukua yale yanayokubaliwa na wengi.

Nkongolo ni jina la upinde wa mvua, ambao katika fikra za Waluba unahusishwa na nyoka wa angani azuiaye mvua. Inasimuliwa kwamba Nkongolo alipata wazo la kuteka nchi baada ya kuona jeshi la siafu likiwaangamiza mchwa. Alikuwa mwekundu wa mwili na mkatili wa moyo. Aliwakata watu viungo, akawaoa dada zake mwenyewe, akacheka kinywa wazi na kula mbele ya kila mtu. Kisha akaja mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mweusi wa kung'aa na mwenye adabu ya kifalme, ambaye hakukubali kuonekana akila. Mbidi aliwapata dada wawili wa Nkongolo, Bulanda na Mabela. Alijaribu kumfundisha mwenyeji wake adabu za utawala, hawakuelewana, naye akaondoka kurudi kwao. Bulanda akamzaa Ilunga, ambaye kwa ushujaa wake aliongezewa jina la Kalala, lililo cheo cha vita.

Kuanzia hapo utendi unakwenda kwa hatua, na kila hatua ni pambano la mjomba na mpwa. Hatua ya kwanza ni ya michezo: Kalala Ilunga ni hodari wa mbio, ngoma na mashindano, na kumshinda mjomba wake hadharani kunazaa wivu. Hatua ya pili ni ya mtego. Nkongolo anachimba shimo, anasimika mikuki ndani yake, anatandika mkeka juu, na kumwalika mpwa wake aje kucheza ngoma. Mpiga ngoma anamwonya Kalala kwa lugha ya ngoma ambayo mwenye mtego haielewi. Kalala anakwepa shimo, anaruka na kukimbia. Hatua ya tatu ni ya mto. Kalala anavuka Lualaba kumwendea baba yake, na Nkongolo anaachwa ng'ambo. Jaribio lake la kujenga tuta la mawe ili avuke linashindikana. Hatua ya nne ni ya mlima. Kalala anarudi na jeshi, Nkongolo anajificha mapangoni, na hatimaye anakamatwa na kukatwa kichwa.

Mtu aliyezoea michezo ya video hahitaji kuelezwa shimo lenye mikuki ni nini, wala kwa nini nguli aokoke kwa kuruka. Kufanana huko kusifanywe uthibitisho wa uhusiano wa kihistoria, maana hakuna sababu ya kudhani kwamba wabunifu wa Kyoto waliwahi kuusikia utendi wa Waluba. Kunaonyesha jambo la kawaida zaidi: hadithi inayotaka kumpima nguli kwa mwili wake humwekea shimo, mto na mlima, kwa kuwa hivyo ndivyo vipimo vya mwili ambavyo kila hadhira huvielewa.

Tofauti inaanza baada ya kifo. Kwa mujibu wa masimulizi, kichwa na kiwiliwili cha Nkongolo vilizikwa mbalimbali, na kichwa kikafunikwa na kichuguu cha udongo mwekundu. Aliyeanza kwa kutazama kushindwa kwa mchwa akaishia chini ya nyumba yao. Utendi unajitahidi kwa kila njia ahakikishwe kuwa amekufa. Na bado, kila mvua inapokatika na upinde ukaonekana angani, jina linalotamkwa ni lake.

6.0 Sababu ya Kurudi

Nkongolo hurudi wapi, ikiwa hakufufuka? Jibu la kwanza limo katika ukoo. Kalala Ilunga ni mtoto wa dada yake. Aliyemwua katili ni damu ya katili, na kila mfalme wa Waluba aliyedai kushuka kutoka kwa Kalala alirithi pande mbili: nguvu ya mjomba iliyoteka nchi, na adabu ya baba iliyoifanya nguvu hiyo iwe utawala. Mchambuzi Luc de Heusch, katika kitabu chake cha mwaka 1972, aliusoma utendi huu kama fikra juu ya asili ya dola na kuonyesha jinsi pande hizo mbili zinavyohitajiana. Wanahistoria walimkumbusha, na Reefe ni mmoja wao, kwamba masimulizi haya pia yalikuwa na matumizi ya kisiasa katika ufalme uliokuwa na nyakati na mipaka yake.

Jibu la pili limo katika matumizi hayo. Urithi wa kiti katika ufalme wa Waluba mara nyingi uligombaniwa na ndugu wa baba mmoja, kila mmoja akiungwa mkono na jamaa za mama yake. Kila mgogoro wa namna hiyo ulimrudisha Nkongolo katika midomo ya watu, maana kila mgombea aliweza kujiita Kalala na kumwita mwenzake jina jingine. Swali lililoulizwa halikuwa kama Nkongolo yu hai. Lilikuwa kama aliyeshika kiti leo anakula kwa siri au kinywa wazi; yaani, kama anajua mipaka yake.

Hapa methali ya zimwi inapata maana yake kamili. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na sababu ni kwamba mnaishi pamoja. Paka wa sultani alilindwa kwa sababu alikuwa wa sultani. Nkongolo hakuweza kufutwa kwa sababu alikuwa mjomba. Katika jamii nyingi za Waswahili na za Kibantu mjomba ni mtu wa kukimbiliwa, mwenye haki ya kutania na wajibu wa kusaidia. Utendi unapomfanya mjomba kuwa adui unaitikisa nguzo ya nyumba, na hadhira hupata hofu ambayo kobe mwenye pembe kutoka ngome ya mbali hawezi kuileta.

Ni vyema kuongeza kwamba michezo ya video yenyewe imeanza kulikaribia wazo hili. Katika Super Mario Odyssey, iliyotolewa mwaka 2017, Mario ana kofia imwezeshayo kuingia katika miili ya viumbe wengine. Mwishoni, baada ya Bowser kushindwa na pango kuanza kuporomoka, njia pekee ya kutoka ni Mario kuuvaa mwili wa Bowser. Mchezaji ambaye kwa miaka 32 alikuwa akiikimbia miguu ile na moto ule sasa anaiongoza miguu hiyo na kuutoa moto huo, akivunja nguzo ili amwokoe binti mfalme. Kwa dakika chache mshindi na mshindwa wana mwili mmoja. Kisha mwili huachwa, na toleo linalofuata huanza kana kwamba jambo hilo halikutokea. Kalala Ilunga hakupata nafasi ya kuuvua.

7.0 Kobe na Kumbukumbu

Suala la kumbukumbu linastahili neno la mwisho, kwa kuwa ndilo linalotenganisha mila hizi mbili. Mchezo wa video huhifadhi kumbukumbu ya mchezaji: amefika hatua gani, ana alama ngapi. Haumlazimu mchezaji kukumbuka adui ni nani wake. Kwa Waluba kumbukumbu ya Nkongolo na Kalala ilikuwa kazi ya watu maalumu, chama cha Mbudye, ambao wanachama wake walifundishwa historia ya ufalme na kuisimulia hadharani kwa ngoma na maneno.

Chombo chao mashuhuri ni lukasa, ubao wa mti unaoshikika mkononi, uliopigiliwa shanga na magamba ya konokono au kuchongwa alama. Msimulizi huupapasa kwa kidole na kusimulia. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo huweza kuwa mfalme na watu wake; safu ya shanga huweza kuwa njia au safari. Ubao mmoja haulazimishi simulizi moja, kwa kuwa msimulizi huchagua kulingana na hadhira na shughuli. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, katika kazi yao ya mwaka 1996 juu ya sanaa na historia ya Waluba, wameeleza kuwa upande wa nyuma wa lukasa huchongwa mfano wa gamba la kobe, kwa sababu kobe ndiye nembo ya Mbudye.

Ulinganifu huu ni wa bahati, lakini unafundisha. Katika mchezo, kobe ni umbo la adui asiyekumbuka, na gamba lake ni silaha. Kwa Waluba, kobe ni umbo la mlinzi wa kumbukumbu, na gamba lake ndilo linaloshikwa na mkono wa msimulizi wakati anapolitaja jina la adui.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba adui arudiye ni mhusika wa kale kuliko kioo anachoonekana ndani yake leo. Ngome saba za uongo zina ndugu yake katika wanyama wasio nunda, na shimo la mikuki lilikwisha kurukwa kando ya Ziwa Boya katika masimulizi kabla ya kurukwa kwa kidole gumba. Kwa hiyo mwalimu wa fasihi simulizi anayewakuta wanafunzi wake wakiijua michezo hii vizuri kuliko ngano hana haja ya kusikitika. Anaweza kuanza na wanachokijua, awaulize kwa nini Bowser hurudi, kisha awapeleke kwa sultani na paka wake, na kutoka hapo hadi kwa mjomba na mpwa.

Lakini asiishie kwenye ufanani. Mchezo humfundisha kijana kwamba adui akirudi, dawa ni ustadi zaidi: kuruka vizuri zaidi, kupiga kwa wakati. Ngano ya nunda humfundisha kumtambua mapema, angali paka, wakati mwenye nyumba bado anasema ni wake. Utendi wa Waluba humfundisha jambo gumu kuliko yote mawili: kwamba anayemshinda katili hukaa katika kiti chake, akiwa na sehemu ya damu yake, na kwamba kuanzia siku hiyo watu watakuwa wakimtazama jinsi anavyokula.